Uzi: Poul Hartling, mchungaji wa Denmark aliyetawala na wabunge 22 kati ya 179, kisha akakabidhiwa wakimbizi wa dunia

#1 Karani wa Bunge

Wakuu, kila tukigusa serikali za wachache humu, yaani zile zisizo na wabunge walio wengi, watu hukimbilia mifano ya Italia na Israeli. Mfano mkali kuliko yote uko Denmark, na aliyeuongoza ni mchungaji wa Kilutheri. Nauweka hapa wasifu wake kwa kifupi, wenye nondo waongezee.

Poul Hartling alizaliwa Copenhagen tarehe 14 Agosti 1914. Siasa ilikuwa ya nyumbani: baba yake, Mads Hartling, alikuwa Waziri wa Elimu miaka ya 1945 hadi 1947. Kijana akasoma teolojia Chuo Kikuu cha Copenhagen, akamaliza 1939, akawa mchungaji msaidizi katika kanisa la Frederiksberg kuanzia 1941, yaani katikati ya uvamizi wa Wajerumani. Mwaka 1945 akahamia Sankt Lukas Stiftelsen, taasisi ya mashemasi wa kike, akiwa mchungaji wao. Mwaka 1950 akawa mkuu wa chuo cha ualimu cha Zahle, kazi aliyoishika hadi 1968.

Bungeni aliingia 1957 kwa tiketi ya Venstre, chama cha kiliberali chenye mizizi kwa wakulima. 1960 kiti kikamponyoka, 1964 akarudi. Mwaka 1965 akashika uenyekiti wa chama. Waziri wa Mambo ya Nje 1968 hadi 1971 katika serikali ya Hilmar Baunsgaard. Waziri Mkuu kuanzia 19 Desemba 1973 hadi 13 Februari 1975. Kamishna Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa Wakimbizi kuanzia 1 Januari 1978 hadi mwisho wa 1985. Alifariki mwaka 2000.

Hoja yangu ni hii: kazi zake mbili kubwa zilikuwa za aina moja. Ofisini Copenhagen hakuwa na kura, na Geneva, makao ya shirika la wakimbizi, hakuwa na jeshi, ardhi wala pesa zake mwenyewe. Kote kuwili alilazimika kuomba ridhaa ya wengine jambo kwa jambo. Tuanzie na hizo kura 22.

#2 Mdadisi wa Mwanza

Mkuu, hapo pa 22 kati ya 179 umeniacha. Huo si hata mmoja kati ya wanane. Bunge lilimthibitishaje?

#3 Mwalimu wa Uraia

Halikumthibitisha, na ndiyo siri yenyewe. Denmark hakuna kura ya kumwidhinisha waziri mkuu. Katiba ya 1953, ibara ya 15, inasema tu kwamba waziri hawezi kubaki ofisini baada ya Bunge kutamka kuwa halina imani naye. Maana yake huhitaji wabunge 90 wanaokupenda. Unahitaji tu wasipatikane walio wengi wa kukupinga. Hata anayekukubali shingo upande anakusaidia kwa kunyamaza.

Mambo huenda hivi. Baada ya uchaguzi, kama waziri mkuu aliyepo amejiuzulu, kila chama kinakwenda kwa mtawala (wakati huo Malkia Margrethe II, aliyekuwa kwenye kiti tangu Januari 1972) na kumshauri nani apewe nafasi ya kuunda serikali. Mizunguko hiyo inaweza kurudiwa hadi mtu mmoja aonekane hana walio wengi dhidi yake. Anateua mawaziri, anatangaza, anaanza kazi siku hiyo hiyo.

Hartling aliteua mawaziri 12 tu, wote wa Venstre. Hadi leo hiyo ndiyo serikali yenye msingi mwembamba kuliko zote bungeni katika historia ya nchi ile.

Kuhusu hesabu: viti 179 ni 175 vya Denmark yenyewe, 2 vya Visiwa vya Faroe na 2 vya Greenland. Chama kinahitaji asilimia 2 ya kura ili kigawiwe viti kwa uwiano. Ukuta ni mfupi, vyama vidogo vinaruka kirahisi.

#4 Karani wa Bunge

Na Desemba 1973 waliruka kweli kweli. Bunge la 1971 lilikuwa na vyama 5 bara: Wasoshalisti wa Kidemokrasia 70, Wahafidhina 31, Venstre 30, Radikale (chama cha kiliberali cha kati) 27, Chama cha Kisoshalisti cha Watu 17. Tarehe 4 Desemba 1973 yakatoka matokeo ambayo Wadenmark wenyewe wanayaita uchaguzi wa tetemeko la ardhi. Vyama vikawa 10. Wasoshalisti wa Kidemokrasia wakaporomoka hadi 46. Nyuma yao akatokea mgeni kabisa, Chama cha Maendeleo cha wakili Mogens Glistrup, na viti 28. Venstre 22, Radikale 20, Wahafidhina 16, Demokrati wa Kati 14, waliobaki wakagawana makombo.

Huyu Glistrup alikuwa amejitokeza kwenye televisheni Januari 1971 akionyesha kwamba yeye, mwenye kipato kikubwa, halipi kodi ya mapato hata senti, na akawasifu wakwepa kodi. Mwaka uliofuata akaanzisha chama. Kodi zilikuwa zimepanda kasi miaka ya sitini, hasira ipo, yeye akaiokota.

Uchaguzi wenyewe uliitishwa kwa kisa ambacho ukikisoma unadhani ni utani. Novemba 1973 serikali ya Anker Jørgensen, wa Wasoshalisti wa Kidemokrasia, ilikuwa na muswada wa kuwabana kikodi wenye nyumba. Mbunge wao Erhard Jakobsen, meya wa Gladsaxe, alikuwa anaupinga na anajitoa chamani. Siku ya kura hakufika. Kwa maelezo yake mwenyewe, gari liliishiwa petroli njiani. Kura zikalingana, muswada ukaanguka, waziri mkuu akaitisha uchaguzi. Jakobsen akavuna viti 14 kwa chama kipya alichokianzisha wiki hizo hizo, hao Demokrati wa Kati.

#5 Binti wa Kasulu

Nimecheka hapo kwenye petroli. Sasa mwenye 46 kwa nini asiendelee, akaachiwa mwenye 22?

#6 Mwalimu wa Uraia

Dada, Wasoshalisti wa Kidemokrasia walikuwa wamepoteza viti 24 kwa mpigo, na upande wa kushoto wote haukufika popote karibu na 90. Upande wa kulia na kati ulikuwa na wingi kwa karatasi, lakini ndani yake kuna viti 28 vya Glistrup, ambaye hakuna aliyetaka kukaa naye meza moja ya mawaziri. Radikale hawakutaka kuingia serikalini. Ukiondoa wote hao, anabaki mtu mmoja ambaye hakuna aliyekuwa tayari kumwangusha mara moja: mchungaji mpole, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, anayejua kuongea na pande zote.

Kutawala sasa. Muswada wowote anaoutaka lazima atafute kura 68 zaidi nje ya chama chake ili afike 90. Chombo cha kufanyia hivyo ni makubaliano ya maandishi kati ya vyama, yenye kipengele kizito: aliyesaini ana haki ya kuzuia mabadiliko hadi makubaliano yaishe. Hivyo kila sheria ina walinzi wake. Kodi unapitisha na kundi A, nyumba na kundi B, ulinzi na kundi C. Bajeti ya kila mwaka ilibebwa na desturi: vyama vikongwe vilikuwa vikiipigia kura ya ndiyo hata vikiwa upinzani, vinagombana kwenye miswada mingine.

Ubovu wa mfumo huo ni kwamba unafaa sana wakati wa kugawa, unakwama wakati wa kukata. Na Hartling aliingia katikati ya mgogoro wa mafuta. Wakati huo Jumapili watu walikatazwa kuendesha magari, bei zinapanda, ajira zinapotea. Mei 1974 ukaja mpango wa kupandisha ushuru wa bidhaa, umati ukajaa mbele ya Christiansborg, jengo la Bunge. Septemba akapata makubaliano ya kupunguza kodi ya mapato. Alipofika Desemba na mpango mzima wa kuzuia mishahara na bei zisipande, hakupata 90. Akaitisha uchaguzi.

#7 Mdadisi wa Mwanza

Akashindwa, nadhani.

#8 Karani wa Bunge

Alishinda, na ndiyo inayoumiza. Tarehe 9 Januari 1975 Venstre ilitoka 22 ikafika 42. Tatizo ni pale viti hivyo vilipotoka. Radikale walishuka kutoka 20 hadi 13, Wahafidhina kutoka 16 hadi 10, Demokrati wa Kati kutoka 14 hadi 4, Glistrup kutoka 28 hadi 24, na chama cha Retsforbundet kikatoka bungeni kabisa. Alikula majirani zake, wale wale ambao kura zao zilikuwa zinambeba. Wasoshalisti wa Kidemokrasia nao wakapanda hadi 53. Chama chake kikanenepa, ngome yake ikakonda.

Tarehe 28 Januari ikapigwa kura ya kutokuwa na imani. 86 kwa 85. Kura moja! Akajaribu kuunganisha vyama vya upande wake kuwa serikali pana, hesabu ikagoma, na 13 Februari Anker Jørgensen akarudi ofisini.

Kuna funzo la kiufundi hapo kwa wanaopenda kuchambua uchaguzi: kwenye uwiano, ushindi wa chama na ushindi wa serikali ni vitu viwili. Mwaka 1977 Venstre ikarudi viti 21, na Hartling akauachia uenyekiti.

#9 Mzee Kinondoni

Wakuu heshima zenu. Nauliza jambo la kanisa. Huyu alikuwa mchungaji kweli au msomi wa teolojia tu? Na kanisa lake lilimruhusuje? Kwa Wakatoliki sheria ya kanisa ya 1983, kanuni ya 285, inawakataza makleri kushika vyeo vya umma vyenye mamlaka ya kiserikali.

#10 Shemasi wa Mtandaoni

Shikamoo mzee. Alikuwa mchungaji aliyewekwa wakfu na kuhudumu, kama alivyoandika Karani: Frederiksberg, halafu Sankt Lukas. Ila hakukaa madhabahuni maisha yote. Miaka 18 ilikwenda kwenye ualimu.

Kuhusu ruhusa, Denmark hali ni tofauti kabisa na ya Kikatoliki. Kanisa la taifa la Kilutheri liko ndani ya katiba: ibara ya 4 inasema dola italitegemeza. Mchungaji wao ni mtumishi wa umma, na ibara ya 30 inatamka wazi kwamba mtumishi wa umma aliyechaguliwa bungeni hahitaji kibali cha serikali. Basi hakuna askofu wa kumwandikia barua ya onyo.

Na yeye si wa kwanza. Grundtvig, mtunzi wa tenzi na baba wa wazo la vyuo vya wananchi, alikaa kwenye Bunge la kutunga katiba 1848 na 1849. D. G. Monrad ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya rasimu ya katiba hiyo, akawa askofu wa Lolland-Falster, akaongoza serikali wakati wa vita vya 1864 dhidi ya Prussia na Austria. Ngome ya Dybbøl ikaanguka 18 Aprili, majimbo ya Schleswig na Holstein yakapotea, yeye akahamia New Zealand kulima na kukata msitu huko Karere. Akarudi 1869, akaanza upya kama mchungaji wa kijiji, akafika tena uaskofu ule ule mwaka 1871. Karne yetu hii kuna Søren Krarup na Jesper Langballe, wachungaji wawili waliokaa bungeni 2001 hadi 2011 kwa chama cha mrengo mkali wa kulia dhidi ya wahamiaji. Kwa hiyo kola haikuambii mtu atakuwa upande gani.

#11 Geneva kwa Mbali

Niingie sehemu ya pili maana ndiyo inayotuhusu.

Kamishna Mkuu wa Wakimbizi anapendekezwa na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, kisha Baraza Kuu linamchagua. Hartling alimrithi Sadruddin Aga Khan. Watu wengi hawajui UNHCR, shirika hilo la wakimbizi, inavyopata pesa. Bajeti ya kawaida ya Umoja wa Mataifa inalipa sehemu ndogo ya utawala tu. Kilichobaki, chakula, mahema, magari, visima, ni michango ya hiari ya serikali. Kila mwaka unaanza na bakuli tupu. Alipoingia 1978 matumizi yalikuwa kama dola milioni 135. Mwaka 1980 yalikuwa yanakaribia milioni 500. Ndani ya miaka miwili! Waafghanistan Pakistan na Iran, Wakambodia mpakani Thailand, Waethiopia Somalia, Wavietnam baharini, wote kwa pamoja.

Angalieni suala la mashua, maana linaonyesha ufundi. Juni 1979 peke yake zaidi ya watu 54,000 walifika kwa mashua nchi za Kusini Mashariki mwa Asia. Malaysia na Thailand zikaanza kuzisukuma zirudi baharini. Mkutano wa Geneva wa 20 na 21 Julai ukabadilishana ahadi: nchi za mbali zipandishe nafasi za makazi kutoka 125,000 hadi 260,000, nchi za pwani zipokee kwa muda, Vietnam izuie safari za magendo na ifungue njia ya kisheria.

Njia hiyo ya kisheria ilisainiwa kati ya UNHCR na Hanoi, yaani serikali ya Vietnam, tarehe 30 Mei 1979. Nchi inayopokea inaandika orodha ya watu iliyo tayari kuwapa viza. Vietnam inaandika orodha ya watu iliyo tayari kuwapa ruhusa ya kutoka. Jina likionekana kwenye orodha zote mbili, mtu anapanda ndege. Kasoro yake: orodha mbili zilikuwa hazifanani. Wapokeaji waliweka ndugu wa watu wao, Hanoi iliweka watu iliotaka waondoke. Mwanzo ulikuwa wa kinyonga.

Kingine ni meli za mizigo. Nahodha anaona mashua inazama, anajua akiokoa watu 80, bandari inayofuata itamkatalia kuwashusha hadi nchi ya bendera yake ihakikishe kuwachukua. Kama bendera ni ya nchi isiyopokea wakimbizi, meli inakaa bandarini siku nyingi na hasara juu. Matokeo yake wengine wanapita kama hawakuona. UNHCR ikaunda akiba ya nafasi kutoka nchi kadhaa, ili mtu yeyote aliyeokolewa na meli ya namna hiyo awe na dhamana ya kupelekwa nchi ya tatu kwa muda maalumu. Huo ni uungwana wa karatasi, lakini ndio unaomfanya nahodha ageuze usukani.

#12 Binti wa Kasulu

Lakini kuizuia Vietnam isiachie watu, hapo si kumfungia mtu anayekimbia? Shirika la wakimbizi linashangilia watu kukatazwa kukimbia?

#13 Geneva kwa Mbali

Umepiga penyewe, dada. Lawama hiyo ilitolewa na imebaki. Upande mmoja, bila mpango ule wangeendelea kusukumwa baharini na wasingeokolewa. Upande wa pili, haki ya kuondoka nchini mwako iliwekwa rehani. Mimi naona alinunua muda kwa bei ghali.

Desemba 1981 Hartling alipokea Oslo Tuzo ya Amani ya Nobel kwa niaba ya shirika, ya pili baada ya ile ya 1954.

#14 Mtafiti Huru

Afrika sasa. Mei 1979 Arusha palifanyika mkutano wa bara zima kuhusu wakimbizi, ukakazia mkataba wa wakimbizi wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 na suala la kugawana mzigo. Mwaka 1980 Tanzania ikawapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000, jambo lililokuwa nadra duniani. Mwaka huo huo wakimbizi wa Zimbabwe wakarudishwa kwao kutoka Msumbiji, Zambia na Botswana. Mwaka 1983 Medali ya Nansen ya UNHCR ikaenda kwa Mwalimu Nyerere.

Makazi ya wakimbizi wa Burundi nchini Tanzania yanafundisha zaidi. Ulyankulu ilizidiwa, ardhi na maji havikutosha idadi ya watu, ndipo Mishamo ikafunguliwa 1978 na kupangwa vijiji 16. Mfumo ulikuwa wa pande tatu: serikali inatoa ardhi na utawala, UNHCR inatafuta pesa, na TCRS, shirika la Walutheri, linafanya kazi shambani. Mgao wa chakula hutolewa hadi mavuno yakae sawa, kisha unapunguzwa, kisha makazi yanakabidhiwa serikali. Mishamo ilikabidhiwa 1985, mwaka wa mwisho wa Hartling.

#15 Karani wa Bunge

Na takwimu za Somalia? Nasikia zilikuwa vita.

#16 Mtafiti Huru

Vita ya kalamu. Baada ya vita ya Ogaden kati ya Somalia na Ethiopia, Mogadishu ilidai wakimbizi zaidi ya milioni moja. Wafadhili wakasema haiwezekani, kadi za mgao zimezidi watu na wenyeji wamo kambini. Kuhesabu upya kukashindikana kwa sababu serikali haikutaka. Mwisho wakakubaliana kupanga kwa watu 700,000. Ilikuwa namba ya mapatano, hakuna aliyeihesabu. Ukiweka namba kubwa unalisha wafanyabiashara na wanajeshi. Ukiikata bila sensa, wanaokosa kwanza ni wajane na watoto wasio na msemaji.

#17 Mdadisi wa Mwanza

Na 1982 Uganda? Pale Kamishna alionekana hana meno.

#18 Geneva kwa Mbali

Kweli. Oktoba 1982 Wanyarwanda wa Mbarara walifukuzwa kwenye nyumba zao, ng'ombe zikachukuliwa. Takriban 40,000 waliingia Rwanda, Kigali ikafunga mpaka, wengine maelfu wakabanwa kwenye kipande cha ardhi Merama Hill. Wengine wakarundikana kwenye makazi ya zamani kama Nakivale. UNHCR iliweza kupeleka mahema, maji na kuita mikutano kati ya Kampala na Kigali. Kumrudishia mtu shamba haikuweza, kwa sababu sheria zake hazina amri juu ya dola.

#19 Binti wa Kasulu

Swali la mwisho kutoka kwangu: Mishamo ilipokabidhiwa, barabara na pampu zililipiwa na nani?

#20 Mtafiti Huru

Hilo ndilo lililokusudiwa na mkutano wa Geneva wa Julai 1984, ule wa pili wa misaada kwa wakimbizi wa Afrika. Wa kwanza, Aprili 1981, ulileta ahadi za zaidi ya dola milioni 560, lakini nyingi zilikuwa pesa ambazo wafadhili walikuwa tayari wamezipanga, na zikafuata nchi rafiki zao. Wa pili ukaja na miradi 128 kutoka nchi 14, takriban dola milioni 362, yote ikilenga barabara, shule, zahanati na maji ambayo mkimbizi na mwenyeji wanatumia pamoja. Wazo lilikuwa zuri. Miezi michache baadaye njaa ya Ethiopia na Sudan ikaingia kwenye televisheni za Ulaya, pesa zote zikakimbilia unga na mahema, na miradi mingi ikabaki kwenye mafaili. Kwa hiyo barabara na pampu ziliachiwa serikali iliyokabidhiwa makazi.